Madamu wa Nukta

Madamu alikuwa na tabia moja mbaya: akikuona na simu nzuri, anakunyang'anya. Haibi, hapana. Anaichukua mkononi mwako katikati ya salamu, anatoa kioo chake cha kukuzia kwenye mkoba, anainama, anaangalia. Meseji zako hazimhusu, wala picha zako. Anaangalia kioo chenyewe. Siku moja sokoni, hapa mjini Kasongo, alimfanyia hivyo mkubwa mmoja wa serikali aliyekuwa anapita na walinzi wake, mtu wa kitambi na miwani myeusi, na wale walinzi wakamshika mkono.

"Munanikamata juu ya nini?" akawauliza bila kuinua kichwa. "Simu ya bwana iko na nukta ya muzuri sana. Muniache nimalize."

Yule mkubwa akawapungia walinzi mkono wamwache. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu ya kutengeneza simu, hatua chache tu kutoka pale, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Aliporudisha simu ya watu alinijia mbio, macho yanang'aa, akaanza kunieleza alichokiona kama mtu aliyetoka kuona mtoto mchanga.

Nilimjua kwanza kama mwalimu wangu wa fizikia, shuleni kwa masista. Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Kila mtu hapa Kasongo ana hadithi yake juu ya hayo, na mimi nimechoka kuzisikiliza. Ninachojua ni kwamba alikaa Bulaya, huko Ulaya, miaka mingi, akafanya kazi mahali wanapobuni vioo vya simu, halafu akarudi kufundisha watoto wetu. Ukimwuliza sababu, anakujibu, "Nilichoka kuvaa soksi." Basi, hapo umefika mwisho wa habari.

Lakini kitu alichokitaka maishani hakukificha hata kidogo. Alitaka saketi aliyoichora mwenyewe, sirkwi kama tunavyosema hapa, itengenezwe kweli juu ya kioo, iwake. Hata kama kioo hicho kingekuwa kidogo kama ukucha. Mara moja tu, aseme: hii ni yangu, inawaka.

Alitufundisha hivi, na mpaka leo ninawaelezea wateja wangu kwa maneno yake. Kwenye vioo vya OLED hakuna taa moja kubwa nyuma. Kila nukta inajiwakia yenyewe. Kwa hiyo kila nukta inahitaji robine yake, kama ile ya bomba la maji, ya kupimia umeme, na ndoo ndogo ya kuhifadhi amri iliyopewa mpaka zamu yake irudi. Hapo sote tunaitikia ndiyo, Madamu. Halafu yeye anaweka chaki chini na kuuliza, "Na kama robine hazifanane?" Darasa zima linaangalia dirishani.

Maana hazifanani. Ni ndogo kupita vumbi, na zikitengenezwa hakuna mbili zinazotoka sawa kabisa. Ukizipa amri moja, hii inatoa umeme mwingi, jirani yake inatoa kidogo, na kioo kinajaa mabaka. Dawa ni kuongeza robine nyingine za kusahihisha zile za kwanza. Viwandani wanaweka sita, wengine saba, kwa nukta moja. Ila kila unachoongeza kinakula nafasi, na picha ikitakiwa kuwa safi kabisa, nukta lazima ziwe ndogo, na mwenye nukta ndogo hana mahali pa kuweka robine saba. Madamu alikuwa anapigana na hizo saba. Alizipunguza miaka na miaka, kwenye karatasi, kwenye ubao, kwenye vumbi la uwanja kwa kijiti.

Ugonjwa huo wa kupunguza ulimtoka darasani ukaingia kila mahali. Neno lake lilikuwa "Toa kimoja." Ukimpelekea mchuzi wenye viungo vingi, anaonja, anasema toa kimoja. Nilipoolewa, mjomba wangu alisimama kutoa hotuba na alipofika kwenye shauri lake la tisa kwa bibi harusi, sauti ikatoka nyuma: "Papa, toa kimoja." Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Mjomba hajamsamehe.

Na huyohuyo, nyumbani kwake hakikutoka kitu! Ukiingia sebuleni lazima upite ubavu. Makopo, saa zilizokufa, viti visivyo na miguu, mwavuli wa mifupa mitupu. Nilimwambia siku moja, "Madamu, kile kiti si unaweza kukitoa?" Akaniangalia kama nimemtukana mama yake. "Ile kiti iko na miguu mbili bado nzuri."

Hakujua kusifu. Kazi ikiwa mbaya anasema ni mbaya, ikiwa nzuri kupita zote anasema "Inaweza kupita." Nilipofungua meza yangu ya simu, mwanamke wa kwanza kufanya kazi ile pale sokoni, wanaume walinicheka wakisema nitaunganisha waya na nyuzi za kusukia nywele. Madamu akaja, akachukua simu niliyoibadilisha kioo, akaikagua kwa ile lensi yake mbele yao wote. "Inaweza kupita," akasema kwa sauti. Nilimwogopa mwanamke yule. Nilimpenda pia, lakini kwanza nilimwogopa.

Mtu ambaye hakumwogopa ni Papa Radio. Huyu ni mzee mwenye kibanda karibu na msikiti, anatengeneza radio tangu zamani, kofia haimtoki kichwani. Yeye na Madamu walikuwa wakiteta kila wanapokutana, juu ya dini, juu ya bei ya samaki, juu ya nani alianza kuteta, na bila kutetana siku mbili wote wawili walikuwa wagonjwa. Papa Radio ndiye aliyemletea vifaa. Nukta ya kweli haionekani kwa macho, basi Madamu alijenga nukta kubwa: ubao mkubwa kama mlango, umejaa ampulu, yaani balbu, ndogondogo, na nyuma ya kila ampulu transista, ndizo robine zenyewe, zilizotolewa kwenye radio zilizokufa. Alichochora kwenye kompyuta alikijaribu pale. Chini ya ubao kulikuwa na kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga.

Mwaka juzi, wakati wa mvua, ikaja habari. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani yuko Bulaya, anasomea hayohayo, na maabara yao ilikuwa inatengeneza kioo cha majaribio. Akamwandikia: Madamu, pembeni mwa kioo chetu pamebaki nafasi ndogo, naweza kuweka saketi yako. Ila mchoro uwe umefika Ijumaa ya wiki ijayo, na mimi masomo yangu yanaisha, nafasi nyingine sitakuwa nayo tena.

Sijawahi kumwona mtu akifurahi kwa woga namna ile. Alikuwa anashika vitu na kuviacha. Alinialika nyumbani Jumamosi nimwangalilie kompyuta isije ikamfanyia ukorofi, nikamkuta mbele ya ubao barazani, ampulu zote zinawaka sawasawa. Katika saketi yake ya mwisho alikuwa amepunguza kabisa: robine moja ya kusahihisha ilitumikia nukta nne majirani.

"Iko namna gani?" nikamwuliza.

"Inaweza kupita," akasema, na akacheka. Kazi yake mwenyewe!

Papa Radio akaingia na mfuko wa transista. Madamu, kwa ile furaha, akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya: akamsifu mtu. "Papa, transista yako iko ya heshima. Zote zinawaka sawa."

Mzee akavimba kifua. "Zitakosaje kuwa sawa? Miye napima moja moja mbele ya kukuletea. Ile inapita wenzake ao inakosa, naitupa mu beseni."

Madamu akageuka polepole. "Unapima?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Nani alikutuma?"

"Ayi, Madamu! Mutu anaweza kupikia mwalimu muchele yenye mawe?"

Hapa kwetu ndivyo ilivyo. Mgeni wa heshima hachotewi mchele kutoka kwenye gunia ukaenda moja kwa moja jikoni. Unakaa na ungo, unachagua, unatoa kila jiwe, hata kama watoto wako watakula yaliyobaki. Papa Radio alimchagulia Madamu transista kwa moyo huo, miaka yote, bila kusema, maana jambo la adabu halitangazwi. Nami nilielewa kabla mzee hajamaliza kucheka. Saketi ile kazi yake yote ilikuwa kuvumilia mawe. Na haikuwahi kupewa hata moja.

"Leta ile beseni," Madamu akasema.

Mzee akaileta. Tulichomoa zile nzuri, tukaweka zile za beseni, jasho linatutoka. Tulipowasha, ampulu zote ziliwaka vizuri tu, na Papa Radio akapiga makofi. Madamu hakupiga. "Kosa linajificha mu mwangaza mukubwa," akasema, akaanza kupunguza kwa kile kitufe. Mwanga ukashuka. Ampulu moja ikazima. Ikafuata nyingine kule pembeni, halafu mbili katikati, halafu zikaendelea kuzima hovyo hovyo, huku wenzao wanawaka kama hakuna kilichotokea. Mwishoni ikabaki moja peke yake juu kushoto. Tuliiangalia sote watatu.

"Umeniua, Papa," Madamu akasema. "Miaka yote umenilisha uongo."

Papa Radio akarekebisha kofia yake, akatoka, hakuaga. Beseni lake akaliacha.

Hasira zilinipanda nikasahau naongea na nani. "Madamu, ile haiko vizuri! Uliwahi kumukataza? Uliwahi kumwuliza?"

"Toka."

"Sitoki."

Hakunitazama tena. Alikaa kwenye kiti kimoja chenye miguu yote, akafungua kompyuta. Kusema kweli nilibaki kwa sababu sikujua angefanya nini nikiondoka.

Kuipa kila nukta robine yake ya kusahihisha kungekuwa rahisi, ila zisingeingia kwenye nafasi aliyopewa. Kuacha ilivyo ni kutuma mabaka Bulaya. Jumapili hakwenda misa, jambo ambalo masista walilizungumza wiki nzima. Kompyuta yake ilikula jua kutoka pano ya sola juu ya paa, na kila wingu lilipopita tuliinua macho sote wawili kulilaani. Jumatatu alasiri akaita kwa sauti iliyokauka: "Mwanafunzi!" Ndivyo anavyoniita mpaka leo, na mimi nina watoto watatu. "Mbili. Robine moja kwa majirani wawili, wapokezane. Inapima huyu, halafu inapima mwenzake."

Tukaunganisha ubao upya kwa haraka, kwa transista zile mbovu za Papa Radio. Alipopunguza mwanga, nusu ya ampulu zilizima pamoja. Nusu zilichelewa. Waya zetu zilikuwa zimeshikamana ovyo, za mtu mwenye haraka, kwa hiyo kosa lingeweza kuwa letu, au lingeweza kuwa la saketi. Hakukuwa na muda wa kujua. "Tunatuma," akasema.

Tunatuma kwa njia gani? Jumanne rezo, yaani mtandao, ya Kasongo ilikufa. Mnara ulikosa mafuta, walituambia, labda wiki, labda zaidi. Kesho yake tulipanda pikipiki moja, dereva, Madamu katikati, mimi nyuma nimebana mfuko wa kompyuta uliofungwa kwa nailoni mara tatu. Nilimwambia anipe niende peke yangu, mtu wa umri wake kwenye barabara ile, na habari zilizokuwa zinasemwa za watu wenye bunduki! "Na ikigoma, utaitengeneza weye?" Nikapanda.

Sipendi kukumbuka njia ile. Tope mpaka magotini, madaraja ya miti miwili, dereva anazima injini na kusikiliza kabla ya kuingia msituni. Mahali fulani vijana wawili walisimama katikati ya njia, na sikujua ni wa nani. Mmoja akagusa mfuko. "Iko nini mu ndani?"

"Somo," Madamu akajibu. "Unataka nikufundishe? Kaa chini."

Yule kijana akamtazama, akatazama mwenzake, wakatupisha. Tulipofika mbali nilimpiga mgongoni kwa ngumi, mwalimu wangu mwenyewe, kwa hofu tu.

Alhamisi tulilala Kabambare, ambako rezo ilitosha kwa sauti tu, faili ilikataa. Ijumaa mchana tukafika Salamabila, ambako wafanyabiashara wa dhahabu hawawezi kuishi bila kujua bei ya dunia. Mmoja wao alikuwa na sahani ya satelaiti juu ya duka, na mstari wa wachimbaji, nguo nyekundu kwa udongo, kila mmoja anangoja kuongea na mke wake Bukavu au Uvira. Madamu akaenda moja kwa moja mbele.

"Mama, kuna mustari hapa!" wakapiga kelele.

"Naona. Miye nina kitu cha leo. Kesho haina maana tena."

"Kitu gani?"

Akafungua kompyuta pale mlangoni, akawaonyesha. Mistari ya kijani, mistari myekundu, vijumba vidogo vimebanana. Mchimbaji mmoja mkubwa akainama, akaangalia sana, akauliza ni ramani ya shimo gani. "Ya shimo ndogo kabisa," Madamu akamwambia. "Watu wawili wanachimba na jembe moja." Jamaa akacheka, akarudi nyuma hatua moja, akamsukuma mwenzake naye arudi.

Faili ilipanda kwa kusuasua. Ikafika nusu, ikakwama. Mwenye duka akasema betri zinaelekea kuisha. Wale wachimbaji waliokuwa wanagombana sasa hivi wakasogea kuangalia. Ikasogea. Ikakwama. Ikasogea, ikaingia. Muda si muda kijana wa Bulaya akajibu neno moja: nimepata. Wachimbaji walishangilia, wala hawakujua wanashangilia nini. Madamu aliomba maji, akayanywa yote kwa mkupuo mmoja.

Halafu kimya. Mvua ikaisha, kiangazi kikaja. Madamu alirudi kufundisha na hakuligusia jambo lile, na ukilianzisha anakuuliza kama umekosa kazi. Ubao aliuegemeza ukutani, uso wake ukutani. Papa Radio hakupita tena njia ya kwake. Kwenda sokoni alizungukia mbali. Madamu naye hakumwita. Mara mbili nilimwambia aende akaongee na mzee wa watu. Mara zote mbili alijibu kwamba ana mitihani ya kusahihisha.

Kiangazi kilipokuwa kinaelekea kuisha, siku moja mchana, video ikaingia kwenye simu yangu, maana mimi ndiye niliyeacha namba. Kijana wa Bulaya aliandika chini yake: "Madamu aangalie mpaka mwisho." Hakusema imefanikiwa, hakusema imekufa. Nikafunga meza, nikakimbia.

Nilimkuta barazani anachambua maharagwe. Nilimnyooshea simu, akaweka mikono nyuma kama mtoto anayekataa dawa.

"Umeiangalia?"

"Bado."

"Niitie Papa Radio."

"Madamu, angalia kwanza..."

"Sifungue bila yeye. Ile transista mbaya ilikuwa yake."

Papa Radio alikataa. Alisema yuko na kazi, na radio aliyoishika haikuwa hata na mfuniko. "Aliniambia nilimulisha uongo. Miye!" Nikamwambia, Papa, miezi yote hii hajafungua mdomo kukuita, leo amekuita, unataka nikupigie magoti hapa mbele ya msikiti? Alinyanyuka ananung'unika njia nzima. Walipoonana hawakusalimiana. Madamu alisogeza kiti, kile chenye miguu, na mzee akakaa.

Jua lilikuwa kali, kioo cha simu hakikuonekana vizuri. Madamu akaingia ndani, akatoka na kitenge, akatufunika vichwa vyote vitatu, na tukabanana mle ndani kama wezi, kofia ya mzee inanichoma shavu. Nikabonyeza.

Kikaonekana kipande cha mwanga mweupe, kidogo, safi. "Inawaka!" Papa Radio akasema. "Madamu, inawaka!"

"Nyamaza, Papa," akasema taratibu. "Sasa anapunguza."

Mwanga ukaanza kushuka. Nilishika simu kwa mikono miwili. Ukashuka ukawa kama wa mshumaa, ukashuka tena ukawa wa kijivu. Papa Radio alikuwa ananong'ona karibu na sikio langu, "Bado zote. Bado zote." Ukashuka mpaka nikawa sijui kama ninaona au ninakumbuka. Nilikuwa ninaingoja ile moja itakayobaki peke yake. Kisha kukawa giza.

"Papa," Madamu akasema. "Uliona baka?"

"Sikuona."

"Hata moja?"

"Hata moja, Madamu. Zimezima pamoja."

Hakuna aliyevuta kitenge. Mtu mmoja kati yao alikuwa analia, na mle gizani, saa sita mchana, sikuweza kujua ni nani.